Kibao cha Kivukoni

Kaka yangu mpenzi,

Pokea kwanza salamu zangu, na za wote tuliobaki katika nyumba hii ya baba. Sisi tu wazima. Shangazi goti bado linamsumbua, hasa asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Juzi amemfokea muuza maziwa mpaka yule bwana akaondoka na kusahau baiskeli yake mlangoni. Paa la jikoni tumelibadilisha kama ulivyoshauri, halivuji tena. Nawe je, hujambo? Shemeji mkono umepona? Na kijana wako mkubwa amefaulu, au bado anasema mwalimu wa hesabu anamwonea?

Najua utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Nimekupigia mara tatu mwezi huu. Mara zote tatu nilikuuliza habari za mvua, ukanijibu, nikakata. Shangazi ameniambia umemuuliza kama siku hizi nimeajiriwa na idara ya hali ya hewa. Ninalotaka kukuambia haliingii kwenye simu, Kaka. Ungenikatiza, na ukinikatiza sitamaliza. Kwa hiyo nakuomba ukae kitako, usome hadi mwisho, halafu ndipo ukasirike.

Mwaliko wa kamati najua umekufikia. Mwenyekiti wetu, yule posta masta mstaafu, aliuandika kwa mkono wake na kunisomea mara mbili kabla ya kuutia kwenye bahasha. Mwisho wa mwezi ujao Msafara wa Chanzo unatimiza miaka hamsini, na mji mzima umejiandaa. Wewe huisimulia habari hiyo darasani kila mwaka: jinsi ramani ya serikali ilivyokuwa na doa jeupe kule juu milimani, jinsi watu tisa walivyotoka hapa kuufuata mto hadi mahali unapozaliwa, jinsi baba, mkata mbao tu, alivyowaongoza njia kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua. Na jinsi wanane walivyorudi siku ya thelathini na moja wakiwa wamekiona chanzo, na wa tisa, mpishi wao, amechukuliwa na maji pale kivukoni.

Kamati imekuwa ikikutana kila Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni katika ukumbi wa halmashauri, chini ya ile picha kubwa ya wale wanane na bendera. Mimi nimefanywa katibu kwa kuwa nafanya kazi kiwandani kwa wachapaji na, kwa maneno ya Mwenyekiti, najua koma inakaa wapi. Tulianza vizuri. Tuligombana kwa wiki mbili kuhusu bendi au kwaya, na wiki ya tatu kuhusu nani akae kiti cha mbele, mambo ya kawaida ya kamati. Wewe ulipangiwa kusoma hotuba kwa niaba ya familia ya kiongozi wa njia. Mzee Kamba, aliyebeba kamba za msafara na ndiye pekee aliye hai kati ya wale wanane, alipangiwa kuwa mgeni wa heshima.

Na yupo Bi Redio. Unamkumbuka, binti wa yule mpishi. Alikuwa nyuma yako madarasa mawili. Siku hizi ana duka lake la kutengeneza redio karibu na soko, chumba chembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia mmoja lazima atoke kinyumenyume. Kutani ni rafu zilizojaa redio, kila moja na karatasi yake ya jina, na harufu ya risasi iliyoyeyushwa ya kuungia nyaya haiishi humo. Katika kamati alikuwa hasemi. Anakuja, anakaa karibu na mlango, anasikiliza. Mkutano wa sita Mwenyekiti akamuuliza kwa upole familia ya marehemu ingependa nini siku hiyo. Alisema hataki hotuba wala zawadi. Alichotaka ni kuonyeshwa mahali hasa baba yake alipozama, na kibao kidogo kiwekwe hapo.

"Nina miaka hamsini na minne," alisema, "na sijawahi kukaa mahali nikasema baba yangu yuko hapa."

Mwenyekiti alivua miwani. Jambo hilo lilipita bila mtu kunyoosha mkono, nami nikaliandika. Nilipoinua kichwa nikamwona Mzee Kamba amesimama, anasema anasikia baridi, anakwenda nyumbani. Joto la siku ile, Kaka, hata madirisha tulikuwa tumeyafungua yote.

Kesho yake nilimfuata kwake nikiwa na daftari, kwa sababu nilihitaji kumbukumbu zake kwa ajili ya kitabu cha maadhimisho. Anakaa na bintiye, nyuma ya fundi viatu. Nilimuuliza kuhusu kwenda, akanieleza vizuri, hata majina ya miti. Nilipomuuliza kuhusu kurudi, akatazama ukuta. "Andika tulifika," akaniambia. Nikamwambia, lakini Mzee, na kurudi? Akasema kurudi ni kurudi, nisimchoshe.

Sikumchosha. Nililojua mimi lilitosha kunichosha mwenyewe.

Wiki iliyofuata mchonga vibao alileta maandishi ya kile kibao kiwandani ili niyasome kabla hajaanza kuchonga. Unaijua kazi yangu. Naletewa karatasi, natafuta kosa, nikilikosa natia sahihi pembeni na kazi inaendelea. Karatasi ile ilikuwa na mistari minne. Wa kwanza jina la mpishi, wa pili mwaka, wa tatu na wa nne: "Hapa ndipo maji yalipomchukua, akiwa njiani kurudi nyumbani." Hapakuwa na herufi moja iliyokosewa. Nilikaa nayo tangu saa tatu asubuhi hadi kengele ya chakula, kalamu mkononi, mashine zinanguruma nyuma yangu, na sikuweza kutia sahihi. Msimamizi akapita akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia lipo, lakini si la tahajia.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja dukani kwa Bi Redio. Sasa nakuambia wewe nililomwambia yeye. Ni maneno ya baba.

Ile wiki yake ya mwisho, wewe ulikuwa umerudi kazini kusimamia mitihani. Ilikuwa mchana, daktari ametoka, Shangazi amejilaza. Baba akaniambia nifunge mlango. Akili yake ilikuwa timamu kabisa, usijifariji kwa hilo. Mimi nilijaribu, sikuweza. Alisema yule mpishi hakuzama. Siku ya tatu baada ya kuondoka kwenye chanzo aliteleza kwenye mwamba wenye maji, akavunjika mguu juu ya goti, mfupa ukatoka nje. Wakatengeneza machela kwa nguzo mbili na turubai la hema, wakambeba siku mbili. Siku iliyofuata mvua ikaanza. Njia ya korongoni ikawa nyembamba na ya utelezi, chakula kinaisha, na Mpima Mkuu, aliyekuwa kiongozi wao, akasema ramani lazima zifike. Wakamlaza chini ya mwamba ulioinama, mahali pakavu, wakamwachia unga, chumvi, maji, kiberiti na blanketi. Baba ndiye aliyempa mkono. Akamwambia watarudi na watu baada ya siku nne. Mpishi akamjibu, "Usinitajie siku. Ukinitajia nitaanza kuhesabu." Lakini baba alikuwa ameshataja.

Walivuka kivukoni, na jioni ileile mto ukafura nyuma yao. Walipoingia mjini watu walikuwa wamejaa barabarani. Mpima Mkuu akapanda juu ya lori akatangaza kwamba chanzo kimeonekana, na kwamba mmoja amezama. Baba alisema alidhani hakusikia vizuri. Kabla hajauliza watu walikuwa wamemnyanyua. "Nilikuwa mabegani mwa watu," aliniambia. "Ningeshukaje?"

Baadaye Mpima Mkuu aliwakusanya. Mto hauvukiki, akasema, na utakapovukika yule atakuwa amekwisha kufa. Ni afadhali mkewe apewe kifo kisicho na wa kulaumiwa. Hakuna aliyekubali kwa mdomo, na hakuna aliyekataa. Siku ya kumi na saba tangu warudi mjini, maji yalipopungua, baba alimwambia mama anakwenda kutazama mbao, akapanda peke yake. Akamkuta ameegemea mwamba. Unga ulikuwa umebaki zaidi ya nusu. Ni mguu uliomuua, homa yake, pengine siku ya pili au ya tatu. Baba akamzika palepale, akapanga mawe juu. Na kila mwaka, mwezi uleule, alikwenda kuyapanga upya. Zile safari zake za mbao, Kaka, alizokuwa akirudi bila hata ubao mmoja, na mama haulizi.

Bi Redio alinisikiliza akiwa na redio kubwa ya zamani imefunguliwa mbele yake. Sikuweza kumtazama usoni, nikawa natazama mikono yake. Alimaliza waya aliokuwa akiuunganisha, akazima kile chuma chake cha moto, akangoja kipoe. Kisha akauliza, "Alikufa kwa njaa?"

Nikamwambia hapana, unga ulibaki.

"Basi alikuwa anaubania," akasema. "Alikuwa anawangoja."

Kisha akaanza kusema juu ya mto. Mama yake aliwakataza kuugusa. Yeye mwenyewe tangu utoto hajawahi kutia hata mguu ndani yake, na wanawe watatu amewalea hawajui kuogelea. Kwenda kwa mkwewe ng'ambo huzunguka mwendo wa saa nzima ili apite daraja la juu asiyaone maji kwa karibu. "Miaka hamsini nimeyachukia maji ambayo hayakunifanya kitu," akasema. Kisha akakumbuka sare. Baba yetu alimshonea sare za shule miaka saba, ulikuwa unajua? Mimi sikujua. Kila mwanzo wa mwaka alisimamishwa mbele ya baba aseme asante. "Nilisema asante mara saba," aliniambia. "Nikazidai kwa nani sasa hizo asante zangu?"

Akaniomba niende. Alisema hanifukuzi, ila anataka kufunga duka. Ilikuwa saa saba mchana. Kwa siku nne lile duka halikufunguliwa. Nilipita kila siku, nikakuta kufuli, na wateja wamesimama nje wakiulizana kama kuna msiba.

Ijumaa niliingia kwenye kamati nikaeleza yote, nimesimama, bila karatasi. Mwenyekiti hakunipigia kelele, ningependa angenipigia. Alinisihi. Alisema wageni wa Idara ya Ramani wamethibitisha kuja, kitabu kimeshapangwa, watoto wa shule wameshajifunza nyimbo. Akasema baba yangu ni baba wa mji huu, si wangu peke yangu. Akauliza kama jambo lililongoja miaka hamsini linashindwa kungoja wiki sita zaidi. Na wajumbe wengine, Kaka, waliona ana hoja. Wapo waliosema huenda baba alikuwa anaweweseka kwa homa. Mmoja alinitazama kama mtu aliyekuja kuuza kaburi la baba yake.

Hapo Mzee Kamba akainuka. Alichukua muda kusimama, na ukumbi ukamngoja.

"Mimi nilishika upande wa kulia wa machela," akasema. "Mkata mbao alikuwa mbele yangu. Watu mtadhani tulimwacha kwa sababu alikuwa mzito. Hakuwa mzito. Alikuwa mwepesi, tungeweza kumbeba mpaka hapa."

Akakaa. Hakulia. Alifuta tu viganja vyake kwenye suruali, akawa anavifuta na kuvifuta.

Sauti ikatoka mlangoni. Hatukuwa tumemwona Bi Redio akiingia. Hakumlaumu. Alimuuliza tu baba yake alikuwa akizungumza nini siku zile mbili alipokuwa anabebwa. Mzee Kamba akafikiri, akasema mara nyingi alikuwa akiwaelekeza jinsi ya kuwasha moto kwa kuni mbichi, kwa kuwa hawakujua na walikuwa wanamkera. Na alisema nyumbani ana kitoto cha kike kinachofungua kila kitu. Kimeifungua hata saa ya ukutani, na vipande amevificha yeye ili mkewe asikichape.

Bi Redio alifunika mdomo kwa mkono. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka, Kaka, na baada ya hapo ndipo akalia, na Mwenyekiti akaahirisha mkutano.

Jumatatu Mwenyekiti alikuja kiwandani peke yake. Ukurasa wa kumi na moja wa kitabu nilikuwa nimeuondoa na kuandika mwingine. Aliusoma amesimama katikati ya mashine, polepole, kisha akaniambia koma ya mstari wa tatu imekaa vibaya. Ilikuwa imekaa vibaya kweli. Nikairekebisha, akatia sahihi yake, akaondoka bila kuaga. Kwa hiyo yatachapwa. Jina la baba limo. Nimeandika kwamba aliongoza njia, kwamba alimwacha mtu, na kwamba alirudi. Sikuongeza wala sikupunguza. Kile kibao hakitawekwa kivukoni.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu imekuwa ikinizuia tangu salamu.

Baba hakuniambia haya ili niyafiche. Aliniambia nikuambie wewe. Alisema wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye utakayejua namna ya kwenda kwa mke wa mpishi na bintiye; yeye mwenyewe ameshindwa kukutazama machoni na kukuambia. Nilimwahidi, mkono wangu ukiwa ndani ya wake. Siku tano baadaye ulifika kwenye mazishi, ukasimama juu ya udongo ukasimulia habari za kiongozi wa njia, na watu wazima wakalia kama watoto. Nikajiambia, kesho nitamwambia. Kesho ukaondoka. Mwaka uliofuata ukaniandikia kwamba ile habari imeingizwa kwenye kitabu cha darasa la saba kwa maneno yako. Kisha mtoto akazaliwa, mkampa jina la baba. Kila furaha yako ilikuwa inaufunga mlango, na mimi niliuacha ufungwe. Miaka tisa, Kaka. Sikukulinda wewe, usidhani hivyo. Nilijilinda mimi, nisiwe mtu aliyeleta habari ile.

Na katika mitano ya kwanza ya miaka hiyo mke wa mpishi alikuwa hai. Alikuwa akikaa dukani kwa bintiye, kwenye kigoda, akinisalimia kila nikipita kwenda kazini. Amekufa miaka minne iliyopita akiamini mumewe yuko majini. Nilikwenda kwenye mazishi yake. Nilibeba viti.

Bi Redio alipiga hesabu hiyo mwenyewe. Alikuja nyumbani Jumapili mchana, akakataa kuingia, tukazungumza uani. Aliniambia, "Baba yako nitajaribu kumsamehe. Alikuwa anarudi kule juu, nitajaribu. Wewe sijui." Radhi nilikuwa nimemwomba mara alipofika, sikurudia. Nilimwona hakutaka kuisikia, na pengine ana haki asiisikie.

Lakini hakuja kwa ajili hiyo. Alikuja kuniuliza njia. Anataka kwenda kwa baba yake kabla ya maadhimisho, kabla ya bendi na wageni, na akimwona ndipo ataamua kama atamleta nyumbani au atamwacha. Ni mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka mwisho wa barabara. Nina maelezo aliyonipa baba, nimeyaandika yote. Nikamwambia nitampeleka. Alinitazama kwa muda, akasema sawa, kisha akauliza kama yule mwalimu naye anaweza kuja. Nilimwambia wewe hukujua lolote. Akasema ndiyo sababu anakutaka. Katika nyumba yetu nzima ni wewe tu usiye na deni naye.

Tunaondoka Jumamosi baada ya wiki mbili. Hotuba usilete. Lete viatu vyenye meno na koti la mvua. Ijumaa nitakuwa stendi kungojea basi la saa kumi. Ukishuka na hutaki kusema nami, usiseme, tutatembea tu. Usiposhuka nitaelewa pia, na Jumamosi nitakwenda naye.

Nisalimie shemeji, umwambie mkono aukande kwa maji ya uvuguvugu. Wasalimie watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Shangazi anakusalimu sana. Nimemsomea barua hii yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema, ila amenishika kichwa. Mungu akuweke salama njiani, kama utakuja, na nyumbani, kama hutakuja.

Ni mimi mdogo wako,
niliyechelewa kukuambia.